Tangawizi, manjano, juisi ya cheri au mafuta ya kuchua: uchague kipi misuli ikiuma baada ya mazoezi?

Jumatatu ile nilishuka ngazi kinyumenyume. Jana yake nilikuwa nimemaliza nusu marathoni ya Kilimanjaro, njia inayopanda kuelekea Mweka halafu inageuka na kukurudisha Moshi mjini kwa mteremko, na nilipovuka mstari wa mwisho sikuwa na shida yoyote. Usiku nililala vizuri. Kulipokucha, mapaja yalikuwa kama yametwangwa kwa mchi. Kila niliyemweleza alikuwa na dawa yake. Mama wa nyumba ya wageni alinichemshia tangawizi, mwenzangu wa chumba akanipa vidonge vya manjano, kijana wa mapokezi akaja na kichupa cha mafuta ya karafuu, na shemeji yangu anayeishi Ujerumani akaniandikia kwamba wakimbiaji wa huko hunywa juisi ya cheri chachu. Vile vitatu vilivyokuwepo nilivitumia vyote siku hiyo hiyo. Mpaka leo siwezi kukuambia kipi kilisaidia, au kama kipo kilichosaidia.

Tangu hapo nimekuwa nikijaribu kimoja kimoja na kusoma tafiti zilizofanywa juu yake. Naandika haya kwa ajili ya mtu aliyesimama duka la dawa au sokoni, mkono mmoja una chupa na mwingine una kifurushi, hajui alipie kipi.

Kwanza tuyajue maumivu yenyewe

Maumivu ninayoyazungumzia ni yale yanayochelewa. Huanza saa 12 hadi 24 baada ya mazoezi, hufika kileleni siku ya pili au ya tatu, na kwa kawaida huisha ndani ya wiki. Wengi tumeambiwa ni "asidi" iliyobaki kwenye misuli. Siyo. Laktati (ndiyo hiyo "asidi" inayosemwa) inayopanda wakati wa mazoezi makali hurudi kiwango cha kawaida ndani ya saa moja au mbili, na wakati huo wewe hata hujaanza kuumwa. Kinachouma ni nyuzi za misuli zilizopata majeraha madogo sana, pamoja na uvimbe unaoletwa na mwili katika kuzikarabati.

Majeraha hayo huja zaidi pale msuli unapofanya kazi huku ukirefuka: unaposhuka mlima, unaporudisha chuma chini taratibu, unapochuchumaa na uzito begani. Ndiyo maana mteremko wa Mweka uliniumiza kuliko mpando. Na ndiyo maana mazoezi yale yale ukiyarudia wiki mbili baadaye huumi sana. Msuli hujifunza. Hakuna mmea unaoshinda hilo, na sitaki ununue kitu ukidhani utaruka hatua hiyo.

Kabla ya yote, kuna maumivu ambayo si ya kutafutiwa mizizi. Mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea, misuli ikavimba na kuishiwa nguvu kabisa, nenda hospitali siku hiyo hiyo, maana misuli inaweza kuwa inavunjika na kuziba figo. Shavu la mguu mmoja likivimba na kupata joto, nenda pia. Na ukisikia kitu kimekatika ghafla ukiwa katikati ya mazoezi, hiyo huenda ni misuli iliyochanika.

Maswali matano niliyotumia

Kila kimoja nimekiuliza maswali yale yale:

- Ushahidi: kimejaribiwa kwa watu waliofanya mazoezi, na kilipunguza nini, maumivu au udhaifu?
- Muda: kianze kutumiwa lini? Wengi hatuliulizi swali hili, na mimi ndilo lililoniangusha Moshi.
- Kipimo na upatikanaji: kiasi gani, na kinapatikana kirahisi?
- Tahadhari: nani asikitumie?
- Kinamfaa nani?

Tangawizi

Ushahidi. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgia, Marekani, walichapisha majaribio mawili yaliyohusisha watu 74. Walimeza gramu 2 za tangawizi, au kidonge kisicho na dawa, kila siku kwa siku 11. Kundi moja lilipewa tangawizi mbichi, jingine iliyopashwa moto. Katikati ya siku hizo walifanyishwa zoezi zito la kushusha uzito kwa mkono. Siku iliyofuata, waliokuwa wakimeza tangawizi waliumwa pungufu kwa takriban robo, na iliyopashwa moto ilifanya kazi karibu sawa na mbichi. Kwetu sisi tunaochemsha, hiyo ni habari njema. Ila robo ni robo: maumivu ya nane kwa kumi yanashuka kuwa sita. Utafiti mwingine wa mwaka 2015 ulitumia gramu 4 kwa siku tano, ukakuta nguvu za msuli zinarudi mapema lakini maumivu hayakupungua.

Muda. Watafiti wale wale wa Georgia walijaribu kuwapa watu dozi moja ya gramu 2 wakiwa tayari wanaumwa. Muda mfupi baadaye maumivu yalikuwa pale pale. Tangawizi hufanya kazi ikiwa imekwisha kuwa mwilini siku kadhaa kabla, kwa hiyo kikombe cha yule mama wa Moshi kilikuwa cha upendo mkubwa, lakini kilichelewa wiki nzima.

Kipimo na upatikanaji. Kijiko cha chai cha unga wa tangawizi, kilichosawazishwa kwa kisu, kwenye mizani yangu ya jikoni kilisoma gramu 2. Kijiko kimoja kwa siku kinatosha. Ukitumia mbichi unahitaji zaidi, kwa sababu sehemu kubwa yake ni maji. Mimi hukata kipande cha kama gramu 10, sawa na kifundo cha kidole gumba. Tatizo la chai ni kuchuja: sehemu ya nguvu hubaki kwenye machicha. Kwa hiyo mimi huikwangua nikaitia kwenye uji na kuila yote. Bei yake haina mpinzani, na ukipata ya Same iliyokaushwa ikiwa mizizi mizima ukaisaga mwenyewe, unajua unachokula. Unga uliofungwa tayari wakati mwingine hauna hata harufu.

Tahadhari. Huleta kiungulia, hasa ukiinywa tumbo tupu alfajiri kisha ukakimbia. Mwenye vijiwe kwenye mfuko wa nyongo, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda kama wafarini, na anayetumia dawa za kisukari aongee na daktari kwanza. Kiasi cha kwenye chakula hakina neno. Hapa tunazungumzia kijiko kila siku. Mjamzito aulize kliniki.

Kinamfaa nani? Mwenye mbio au tukio analolijua tarehe yake, asiyetaka kutumia fedha nyingi, na ambaye tumbo lake halilalamiki. Waliofunga wanaweza kuila baada ya futari.

Manjano

Ushahidi. Hapa tutofautishe vitu viwili ambavyo madukani huuzwa kwa jina moja. Manjano (wengine binzari) ni unga tunaotia kwenye pilau na mchuzi. Kurkumini ni kiini chake, na ndicho kilichojaribiwa. Katika utafiti mmoja wa mwaka 2015, wanaume 17 walimeza gramu 2.5 za kurkumini mara mbili kwa siku, kuanzia siku mbili kabla ya zoezi zito la miguu hadi siku tatu baada yake, na maumivu yalipungua vizuri. Kuna tafiti nyingine ndogo zenye majibu ya kuelekea huko huko. Ni ushahidi mzuri, ila wa watu wachache wachache.

Sasa piga hesabu nami. Unga wa manjano una kurkumini kama asilimia 3 tu. Kijiko cha chai ni takriban gramu 3 za unga, yaani kurkumini isiyofika hata sehemu moja ya kumi ya gramu. Ili upate gramu 5 walizopewa wale wanaume, ungelazimika kula vijiko zaidi ya 50 kwa siku. Kwa hiyo maziwa ya manjano ni kinywaji kizuri, nami nakipenda, lakini asiyekuuzia kwa uaminifu ndiye atakayekuambia kwamba kikombe chake ni sawa na tafiti hizo.

Muda. Siku mbili au tatu kabla, kisha uendelee siku tatu baada. Muda wake ni mfupi kuliko wa tangawizi.

Kipimo na upatikanaji. Ukitaka kiasi kilichojaribiwa, ni vidonge, na vidonge vya kweli ni ghali. Kurkumini hufyonzwa kwa shida sana tumboni. Mwaka 1998 watafiti wa Bangalore, India, walionyesha kwamba miligramu 20 za kiini cha pilipili manga zikiambatana na gramu 2 za kurkumini, kiasi kinachoingia kwenye damu huongezeka mara 20. Ndiyo sababu lebo nyingi hutaja pilipili manga. Bibi zetu wa pwani waliopika manjano kwa mafuta na pilipili manga hawakuwa mbali na jambo hilo.

Tahadhari. Hiki ndicho ninachokiogopa zaidi kati ya vinne, na sababu ni mbili. Ya kwanza ni ini. Mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya Australia ilitoa onyo kwamba vidonge vya manjano na kurkumini vinaweza, kwa watu wachache, kuumiza ini, hasa vile vilivyotengenezwa vifyonzwe kwa wingi. Macho yakigeuka manjano, mkojo ukawa mweusi au mwili ukawasha, acha mara moja ukapime. Ya pili ni uchafu: mwaka 2019 watafiti waliofanya kazi Bangladesh walieleza jinsi rangi yenye madini ya risasi ilivyokuwa ikipakwa kwenye manjano ili ing'ae. Mimi hununua mizizi mizima nikasaga, na unga unaong'aa kupita kiasi siugusi. Halafu kuna dawa za kuzuia damu kuganda, vijiwe vya nyongo, na ile pilipili manga ambayo hubadilisha namna mwili unavyozichakata dawa nyingine. Ukiwa na dawa za kila siku, mwonyeshe mfamasia kopo lenyewe.

Kinamfaa nani? Mwenye ini zima, asiye na dawa za kudumu, anayejua wiki ngumu inakuja na ana uwezo wa kununua vidonge kwa mtu anayemwamini. Kwa matumizi ya muda mfupi.

Juisi ya cheri chachu

Ushahidi. Hii si ya kwetu. Ni cheri aina ya Montmorency, inayolimwa sana jimbo la Michigan, Marekani. Imejaribiwa barabarani hasa, siyo maabara tu. Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti wa wakimbiaji 20 wa London Marathon: waliokunywa juisi walirudisha nguvu za misuli haraka zaidi, lakini kwenye maumivu hawakutofautiana na wenzao. Mwaka huo huo, utafiti wa wakimbiaji 54 wa mbio ndefu za kupokezana za Hood to Coast, Oregon, ulikuta maumivu ya waliokunywa juisi hayakuongezeka sana kama ya waliokunywa kinywaji cha kuiga. Tafiti hizi mbili zinapishana kidogo, na ndivyo hali ilivyo.

Muda. Siku tano hadi saba kabla, siku yenyewe, na mbili baada.

Kipimo na upatikanaji. Wale wa Oregon walikunywa mililita 355 mara mbili kwa siku. Juisi nzito huuzwa pia, ambayo huchanganywa mililita 30 na maji. Dar es Salaam na Nairobi huipata kwa nadra, kwenye maduka makubwa au kwa kuagiza, na bei yake inaumiza. Kwa ndugu walioko Ulaya na Marekani ni kitu cha kawaida dukani. Angalia neno "chachu" kwenye chupa, maana cheri tamu ya kawaida siyo iliyojaribiwa.

Tahadhari. Sukari. Vikombe viwili kwa siku ni mzigo kwa mwenye kisukari. Tumbo nalo linaweza kulegea, jambo usilolitaka asubuhi ya mbio.

Kinamfaa nani? Anayeishi inakouzwa, na mwenye mashindano mawili yanayofuatana anayejali nguvu kurudi kuliko maumivu kuisha.

Mafuta ya kuchua: karafuu, mnanaa, pilipili

Ushahidi. Mafuta haya hayaponyi nyuzi. Yanachofanya ni kuzungumza na neva za ngozi. Mentoli ya mnanaa huamsha vipokezi vya baridi, kiini cha pilipili huamsha vya joto, na yujenoli ya karafuu hufisha ganzi, kama madaktari wa meno wanavyoijua. Majaribio yake kwenye maumivu haya ya mazoezi ni machache. Lakini kuna jambo ambalo chupa hailisemi: mkono unaochua hufanya sehemu kubwa ya kazi. Uchambuzi wa tafiti 99 uliochapishwa mwaka 2018 ulilinganisha njia nyingi za kupumzisha mwili baada ya mazoezi, na kuchua ndiko kulikoongoza kwa kupunguza maumivu haya. Mafuta ya nazi matupu na mkono wenye subira vinaweza kukufikisha mbali.

Muda. Kati ya vinne, hiki pekee ndicho chenye maana ukikianza siku ile unayoumwa.

Kipimo na upatikanaji. Kila duka. Mafuta ya karafuu ya Pemba ni makali mno. Kamwe usiyapake yenyewe. Mimi hutia matone 3, siyo 30, kwenye vijiko viwili vya chakula vya mafuta ya nazi, nikajaribu kwanza ndani ya mkono kwa siku moja. Mwenzetu mmoja wa kundi letu la alfajiri alijimiminia mafuta ya karafuu mapajani bila kuchanganya, akafunga kwa kitambaa ili "yaingie". Ngozi ilitoka malengelenge, na alikaa siku kumi bila kukimbia, muda mrefu kuliko maumivu aliyokuwa akiyatibu.

Tahadhari. Usipake kwenye kidonda, usifunge kwa plastiki, usiweke na chupa ya maji moto juu yake. Nawa mikono kabla ya kugusa macho au mtoto. Soma lebo: mafuta mengi ya kuchua yana methili salisilati, dawa ya ukoo mmoja na aspirini, na huingia kwenye damu kupitia ngozi. Mwaka 2007 huko New York msichana mkimbiaji wa miaka 17 alifariki, na uchunguzi ulikuta salisilati nyingi mwilini kutokana na dawa za kuchua alizozitumia kupita kiasi. Anayetumia wafarini au asiyepatana na aspirini aziepuke.

Kinamfaa nani? Mwenye tumbo baya, mwenye dawa nyingi za kumeza, na yeyote aliyeshachelewa.

Kuhusu vidonge vya diklofenaki na ibuprofeni, ambavyo wengi hukimbilia: siyo mimea, lakini nakuomba usivimeze kabla au katikati ya mbio ndefu. Mwili ukiwa umepungukiwa maji, figo huumia.

Ukiwa katika hali gani, uelekee wapi

Una mbio baada ya wiki mbili na afya njema: anza tangawizi kijiko kimoja siku saba kabla, umalizie siku tatu baada. Usianze kitu kipya asubuhi ya mbio.

Wiki yako ngumu ni ya kushtukiza, una siku mbili tu: kurkumini ya vidonge ina nafasi zaidi, ukiwa huna dawa nyingine na ini lako ni zima.

Uko Ulaya au Marekani na una mashindano ya Jumamosi na Jumapili: fikiria cheri.

Ndio kwanza umeanza jimu na unataka misuli ikue: nakushauri usimeze chochote kila siku. Ule uvimbe mdogo ni sehemu ya ujenzi. Punguza uzito wa wiki ya kwanza, pandisha kidogo kidogo, na utumie kuchua tu.

Una shinikizo la damu, kisukari, unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, au una mimba: kuchua kwa mafuta ya nazi, na mengine baada ya kuongea na anayekutibu.

Wewe ni mwanariadha unayepimwa dawa zilizokatazwa: tangawizi na manjano ya jikoni hayana tatizo, lakini kopo la vidonge vya mchanganyiko wa mitishamba ni hatari tupu. Hijenamini, inayopatikana ndani ya mimea kadhaa, imetajwa kwa jina kwenye orodha ya WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni, tangu 2017, na kosa ni lako hata kama lebo haikuitaja. Nunua tu kilichopimwa na kuthibitishwa kuwa hakina dawa hizo na mpango kama Informed Sport, na ulihifadhi kopo lenye namba yake.

Na kama unasoma haya huku umeshikilia ukuta kushuka ngazi: tembea taratibu dakika 20, oga maji ya uvuguvugu, mwombe mtu akuchue mapaja kuelekea juu kwa mafuta mepesi, kisha ulale mapema. Siku ya tatu utashuka ngazi ukitazama mbele.